Andika ulichopima

Hotuba kwa wanafunzi wapya wa uhandisi, wiki ya utambulisho

Rasi wa Ndaki, Amidi, wahadhiri wangu wa zamani ambao bado mnanitazama kwa macho yale yale, mafundi sanifu wa maabara na karakana, wazazi mliosindikiza watoto Jumamosi na hadi leo hamjaondoka, na ninyi wadogo zangu wa mwaka wa kwanza: habari za asubuhi.

Nimepewa dakika ishirini. Aliyenialika aliniomba nizungumzie namna ya kukabiliana na changamoto za mwaka wa kwanza. Nilimkubalia kwa adabu, ila neno changamoto nikilisikia mara tatu mfululizo usingizi unanijia. Mtapewa kipeperushi, changamoto zote zimeorodheshwa humo na zote ni za kweli. Mimi nimekuja na jambo moja, pamoja na kipande cha chuma kilichomo humu mfukoni. Tuanze na jambo, chuma kitasubiri.

Nilifika chuoni hapa Oktoba 2007 nikitokea Singida. Nilishuka Ubungo saa mbili usiku nikiwa na tranka la bati, godoro la sponji lililofungwa kamba ya katani, na kuku wawili wa kienyeji ambao mama alisema ni wa shangazi yangu wa Tabata. Mmoja alikufa kabla ya Chalinze. Ninyi mmetoka JKT, mmefundishwa kukunja shuka na kuamka saa kumi. Sisi kipindi chetu hayakuwepo hayo, tulikuja moja kwa moja kutoka nyumbani na wasiwasi wetu.

Tena nilikuwa kipanga. Nalisema hilo si kwa majivuno, ndio ugonjwa wenyewe ninaotaka kuueleza. PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, divisheni wani ya pointi tano, kwenye shule ambayo kabati la kemikali lilikuwa na kufuli na ufunguo haukujulikana uko kwa nani. Mkuu wa shule alinitaja mstarini. Mchungaji alinitaja kanisani. Nadhani hata yule kuku aliyekufa alikuwa anajua anasafiri na nani.

Sasa tazameni mlivyokaa. Humu kila mmoja alikuwa wa kwanza mahali fulani. Wa kwanza wa Ilboru yumo, wa Kibaha yumo, wa Kilakala yumo, na wa kwanza wa shule ya kata ambayo mwalimu wa fizikia alikuwa pia ndiye wa kilimo, naye yumo. Hesabu yake haihitaji kikokotoo. Wa kwanza ni mmoja. Waliobaki wote, kufika Desemba, watakuwa na habari ambayo hawajawahi kuwa nayo maishani, na hawatajua waiweke wapi.

Yangu ilitoka Desemba hiyo hiyo. Testi ya kwanza ya hisabati. Enzi zile matokeo yalibandikwa ukutani kwa namba ya usajili. Nilisubiri watu wapungue. Nikaweka kidole kwenye namba yangu, nikakivuta taratibu kwenda kulia. Thelathini na moja. Nikarudia, nikidhani kidole kimeteleza mstari. Thelathini na moja.

Mwenzangu mmoja alikuwa nyuma yangu. "Vipi?" Nikamjibu, "Kawaida tu." Jioni akapiga baba. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa amestaafu, na karatasi zangu zote za shule tangu darasa la kwanza alizihifadhi kwenye faili la plastiki la kijani. "Masomo yanaendaje, mwanangu?" "Vizuri, baba."

Hapo ndipo nilipoanza kupika namba. Kabla sijaingia maabara, kabla sijashika kifaa chochote cha chuo hiki, nilipikia namba kwenye simu, na niliyempikia ni baba yangu.

Maabara haikuchelewa. Jaribio lilikuwa lile mnalolijua tangu kidato cha tatu: kijiwe kwenye uzi wa mita moja, unakiachia kibembee, unapima muda kwa saa ya kubonyeza mpaka kimekwenda na kurudi mara ishirini, kisha unatafuta mchapuko wa uvutano, ambao kitabuni ni 9.81. Unarudia mara tano. Tulikuwa wanne, tulichelewa, tukapima mara moja na zilizobaki tukaziandika kutoka kichwani: 9.81, 9.81, 9.80, 9.81, 9.81. Ile 9.80 tuliiweka ili ionekane ya kweli. Wazo hilo lilikuwa langu, na nililiona la akili sana.

Ripoti ilirudi na sifuri, na juu yake maneno manne kwa kalamu nyekundu: "Kidole chenu ni mashine?"

Naomba nilifafanue hili kidogo, maana ni uhandisi mtupu. Kidole cha mtu huchelewa kubonyeza saa kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Uzi wa mita moja unatumia kama sekunde mbili kwenda na kurudi. Mara ishirini, sekunde 40. Ukikosea 0.2 ndani ya 40 umekosea nusu asilimia. Kwenye fomula muda unazidishwa wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo kosa kwenye jibu linakuwa mara mbili, asilimia moja. Mtu aliyepima kweli angepata 9.74, kisha 9.88, kisha 9.79. Zingetawanyika. Mtawanyiko ule ndio ungekuwa ushahidi kwamba tulikuwepo maabara siku ile. Tuliumbuliwa na uzuri wa namba zetu.

Baada ya hapo ikaja karakana.

Tulipewa ovaroli za bluu. Zangu mikono ilikunjwa mara tatu, zilishonwa kwa ajili ya wanaume. Kila mmoja akapewa kipande cha chuma laini cha milimita 52 kwa 52, unene 10. Kazi: kipunguze kwa tupa mpaka kiwe 50 kwa 50, kingo ziwe bapa, pembe zote ziwe mraba. Ruhusa ya kukosea ni sehemu mbili za kumi za milimita. Vifaa ni jiriwa ya kubania chuma, tupa, guniya ya kukagulia pembe na kalipa ya vernia ya kupimia urefu. Nilicheka moyoni. Nimetoka Singida na pointi tano, nimekuja kusugua chuma.

Wadogo zangu, tupa ina namna yake. Ukisukuma mbele unakandamiza, ukirudi unalegeza, kwa sababu meno yake yanakata upande mmoja tu. Mwanzo wa msukumo mkono wa mbele ndio unaobeba, na kadiri tupa inavyosonga uzito unauhamishia mkono wa nyuma. Usipouhamisha, tupa inabembea kama mtumbwi na ukingo unavimba kama mgongo wa kobe. Halafu unatoa chuma kwenye jiriwa, unakipakatisha na guniya, unakwenda dirishani na kukiinua kwenye mwanga. Panapopita mwanga chini ya guniya, hapo bado. Mimi nilikuwa naona mwanga kila nikienda. Nasugua hapa, unahamia pale. Narekebisha upande huu, pembe ya upande ule inaharibika. Dirishani, jiriwani, dirishani. Siku ya pili jioni nilikumbuka kupima kwa kalipa. Arobaini na nane nukta saba.

Chuma kilichokwisha kusuguliwa hakirudi. Chini ya jiriwa palikuwa na unga wa kijivu, na ndani ya unga ule milimita yangu moja na zaidi ilikuwa imelala.

Nikakitia mfukoni. Rafiki yangu alikuwa amemaliza chake, 50.1, kinang'aa, nilipanga nikiazime nikionyeshe kama changu. Sikuwa nimeona kwamba kila kipande kimegongwa namba ubavuni. Changu kilikuwa 23.

Fundi sanifu wa karakana alikuwa mzee mwembamba, asiyepaza sauti. Akaja hadi kwangu. Nikamwamkia, akaitikia.

"Binti, cha kwako kiko wapi?"

"Bado namalizia, fundi."

"Unamalizia mfukoni?"

Nikakitoa. Akakipima, hakusema kitu. Akanipa kalipa nami nipime. "Ngapi?" Nikasema arobaini na nane nukta saba. "Andika." Nikabaki namtazama. Akaweka kidole kwenye karatasi ya kazi. Upande mmoja palikuwa pameandikwa kipimo kilichotakiwa, 50.0. Upande wa pili, kipimo kilichopatikana, na hapo palikuwa patupu. Akasema, "Hapa hawakuulizi unachotamani. Andika ulichopima."

Nilipata 11 kati ya 20. Pembe zilikuwa mraba, na karatasi ilisema kweli. Rafiki yangu alipata 17, na alistahili.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku hiyo nilibadilika. Wapi! Nilidhani mzee anazungumzia chuma. Hisabati niliendelea kuificha vile vile. Kwenye mhadhara nilikaa katikati, mahali ambapo mhadhiri haulizi, maana wa mbele anawajua na wa nyuma anawashuku. Nilikuwa na madesa ya miaka mitano, yaani maswali na majibu ya kunakiliana, nimeyakariri. Mnajua shida ya madesa? Kwenye yale yangu kulikuwa na swali la integresheni ambalo mtu fulani, mwaka fulani, alisahau alama ya kutoa. Waliokuja wakanakili, nasi tukanakili, na kwenye mtihani swali lilipokuja nusu ya darasa tulikosa kwa namna moja, kama ukoo mmoja. Alama ya kutoa iliyorithiwa.

Mwisho wa mwaka nikapata 36 na kufaulu kulihitaji 40. Sapu, mtihani wa kurudia. Ilibidi nirudi mapema kuliko wenzangu, na nauli hutoka kwa baba, kwa hiyo ilibidi aambiwe. Tulikuwa tumekaa nje, anamenya miwa.

"Ilianza lini?" akaniuliza.

"Ile testi ya kwanza, baba. Nilipata 31."

"Ya lini?"

"Desemba."

Akaacha kumenya. "Na leo ni Agosti." Nikasema ndiyo baba. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nimefundisha hesabu miaka ishirini na sita, mwanangu. Hata kama nisingejua kuifanya, ungeniuliza."

Nauli alinipa. Karatasi ya matokeo ile yenye 36 aliichukua, akaitia kwenye faili la kijani pamoja na vyeti. Imo hadi leo.

Kilichonitoa hakikuwa kusoma usiku kucha. Msuli nilikuwa naupiga tangu mwanzo, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili nisisinzie, na bado nikashika sapu. Kilichonitoa ni kikundi cha watu wanne tuliokuwa tunakutana Jumanne na Ijumaa kwenye darasa tupu lenye ubao mzima. Kulikuwa na sharti moja: huingii na jibu, unaingia na mahali ulipokwama. Unaandika ubaoni mstari wa mwisho uliouelewa, unaweka chaki chini. Mmoja wetu alikuwa kipanga wa kweli, kijana wa shule ya vipaji maalumu, na wiki tatu za kwanza alikuwa anasema hajakwama popote. Wiki ya nne akakwama. Nakumbuka alivyoshika chaki ile, kama mtu anayetia saini hati ya kuuza shamba. Tukafurahi sana. Hatukufurahi kwa ubaya. Tulifurahi kwa sababu sasa tulikuwa wanne.

Wiki moja wote tulikwama mstari ule ule. Tukaenda kwa mhadhiri, saa zake za kuonana na wanafunzi zilikuwa zimebandikwa mlangoni tangu Oktoba na karatasi ilikuwa haijaguswa. Akatazama slaidi zake, akajikuna kichwa. Alikuwa ameruka mstari. Watu zaidi ya mia walikuwa wamekaa na shimo lile mwezi mzima, kila mmoja akijua moyoni mwake kwamba kilaza ni yeye.

Hapa na lugha inaingia. Mmesoma msingi kwa Kiswahili, wengi wenu, sekondari mkabadilishiwa Kiingereza, na hapa mhadhara wote ni Kiingereza. Mhadhiri anauliza kama kuna swali, ukumbi unakuwa kimya kama msibani, tukitoka nje maswali yanamwagika kwa Kiswahili hadi kafteria. Sisi kuna kijana mmoja alisimama muhula wa pili akasema, "Mwalimu, naomba niulize kwa Kiswahili." Watu wakacheka. Mwalimu akamjibu kwa Kiswahili, dakika tano, akichora boriti kwa mkono hewani, na wale waliocheka nikawaona wameinama wanaandika. Mtihani mtaujibu kwa Kiingereza, hilo halikwepeki, na kusoma sana ndiyo dawa yake. Lakini swali lililokwama kooni kwa sababu ya sarufi ni hasara ya bure.

Wasichana, tulikuwa saba darasani kwetu. Neno langu kwenu ni fupi. Kwenye kazi za vikundi mtaona kitu: wavulana wanakwenda kwenye mashine, halafu mmoja anasema kwa upole kabisa, "Wewe una mwandiko mzuri, utaandika ripoti." Mwandiko mzuri! Ukikubali mara nne umemaliza mwaka hujashika keekee. Ripoti iandikwe kwa zamu. Na usiku mkitoka chumba cha kuchorea, tokeni pamoja.

Kuhusu bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, nitapita haraka, kwa sababu hamtanisikiliza. Likiingia, ligawanye kwa siku zilizobaki mpaka lijalo, kisha ishi ndani ya namba hiyo. Atakayenunua spika kubwa wiki ya kwanza atakuwa anakula muhogo wa kukaanga wiki ya saba huku muziki unapiga vizuri. Nawajua wawili, mmoja sasa ana kampuni.

Mnazo pia akili unde, sisi hatukuwa nazo, na sitawaambia msizitumie maana nami nazitumia ofisini. Ila kumbukeni kitu kimoja. Mwaka wangu wa kwanza nilitafuta mvuto kwenye kamba inayoning'iniza taa ya kilo tano. Nikaingiza gramu badala ya kilo, nikapata nyutoni 49,000, nikapiga mistari miwili chini ya jibu kwa rula. Nyutoni 49,000 ni uzito wa tani tano. Taa yangu ilikuwa na uzito wa magari manne ya saluni, na mimi nimeipigia mstari! Jibu sahihi ni nyutoni 49. Kikokotoo hakikujua kwamba ni taa, na mashine yenu mpya itawaandikia taa ya tani tano kwa lugha fasaha mno. Anayejua taa ina uzito gani ni wewe uliyewahi kuibeba. Kabla hujakusanya kazi yoyote, uliza: je, kitu hiki kinaweza kuwepo?

Na kwenye mafunzo kwa vitendo, nendeni kwa fundi. Mimi mwaka wa kwanza nilipelekwa mahali panajengwa, nikamkuta fundi anapima kona ya msingi kwa kamba. Mita tatu upande huu, nne upande ule, anavuta mshazari mpaka usome tano. Nikamwambia kwa madaha hiyo ni kanuni ya Pythagoras. Akasema, "Sisi tunaiita tatu-nne-tano." Kisha akafungua kamba akarudia kwa sita, nane, kumi. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua, uwiano ni ule ule. Akanitazama kama anatazama mtoto. Kosa la sentimita moja kwenye mita tatu linapinda zaidi kuliko sentimita ile ile kwenye mita sita, na msingi wenyewe ulikuwa mrefu. Zaidi ya hapo, kamba mpya huvutika, akasema, hivyo alikuwa anatumia ya zamani. Mambo ya kamba mpya na ya zamani sikuyaona kwenye kitabu chochote.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda.

Nilihitimu 2011. Mkihitimu, kisheria bado hamjawa wahandisi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inawataka kwanza mpitie kazi chini ya mhandisi anayewasimamia, na ndiyo maana kuna mpango wa mafunzo wa miaka mitatu wenye kitabu cha kumbukumbu ambacho mnaandika mlichofanya na msimamizi anatia saini. Mimi nilianza yangu kwenye jengo la ghorofa hapa Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimepanga chumba Kimara, mkataba wa majaribio.

Zege likimwagwa, unachukua sampuli unajaza kwenye viboksi vya chuma vya milimita 150 kila upande. Kesho yake unavifungua, miche ile ya zege unailaza kwenye maji, siku ya saba unavunja baadhi kwenye mashine, siku ya 28 unavunja zilizobaki. Zege letu lilitakiwa kufika 25, yaani nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Siku ya saba lilikuwa chini, na tulipaswa kushtuka pale pale, kwa sababu siku ya saba zege zuri la kawaida linakuwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu yake. Tukasema tusubiri. Siku ya 28 niliisimamia mashine mwenyewe. Mshale ulipanda, ukasita, mche ukalia kama mtu amekanyaga sahani, mshale ukaanguka. Nikapiga hesabu: 17.4. Wa pili, 17.1. Wa tatu, 18.0.

Aliyekuwa juu yangu alikuwa mtu mwema. Naomba msimfikirie kama jambazi wa kwenye filamu. Alinipa lifti mara nyingi, na mtoto wake alikuwa anaumwa. Aliitazama karatasi akasema, "Dada, andika 25. Zege linaendelea kukomaa, unajua." Na ni kweli, linaendelea kukomaa. Ila halitoki 17 likafika 25 kwa kuonewa huruma.

Kalamu ilikuwa mkononi. Karatasi ilikuwa na sehemu mbili, kilichotakiwa na kilichopatikana. Sikukumbuka kiapo chochote, sikukumbuka maadili wala mhadhara. Nilikumbuka mfuko wa ovaroli na jinsi uso ulivyoniwaka. Nikaandika 17.4, 17.1, 18.0.

Hakuna aliyenipigia makofi. Nilihamishiwa stoo kuhesabu mifuko ya saruji, miezi mitatu, na katika miezi hiyo kuna siku nilijutia sana. Hatimaye wakatoboa nguzo kuchukua sampuli za zege lenyewe, na nguzo mbili zikavunjwa zikamwagwa upya. Yule bosi alikaa siku nyingi bila kunisalimu, halafu siku moja akanisalimu.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu asubuhi, jengo la ghorofa lililokuwa linajengwa katikati ya jiji hili, mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka. Walikufa watu 36. Jengo lile si letu, mambo yake yalikwenda mahakamani na mimi siyagusi. Nasema tu nilikuwa wapi: Kimara, nimeketi kitandani, redio imewashwa, na mkono wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka wenyewe, mkono ule ulioshika kalamu.

Mwaka wa kwanza hamtaombwa kuandika 25. Mtaombwa kumsainia mwenzenu mahudhurio, kwa sababu amelala. Mtaombwa 9.81. Mtaulizwa na mama kwenye simu. Ni vitu vidogo, na ndiyo maana nimetumia muda wenu wote kuvieleza, vile vikubwa havikuja kwangu vikiwa na sura tofauti. Vilikuja na nafasi tupu kwenye karatasi, na mtu ninayemheshimu amesimama pembeni.

Naona Amidi anatazama saa. Chuma chenyewe ndicho hiki. Namba 23, ipo hapa ubavuni, imefifia. Na hii ni kalipa ya vernia, nimeiazima karakanani asubuhi, imesainiwa kwa jina langu, kwa hiyo naomba irudi. Anzeni mstari wa mbele. Kila mmoja apime upande ule wenye alama ya chaki, aandike namba kwenye karatasi yake, asichungulie kwa jirani. Ambaye hajawahi kusoma vernia anyooshe mkono, yule kaka wa karakana aliyesimama mlangoni atamwonyesha. Haya, mikono hiyo naiona, na kule nyuma pia, asanteni.

Na msiandike 48.7 kwa sababu nimesema mimi. Miaka imepita, kuna kutu hapa pembeni, na Dar kuna chumvi.